Watoto Wawili wa Kande

Mfuko wa barafu ulikuwa mmoja, na walioudaka walikuwa wawili.

Ulikuwa mwezi wa nne, Niamey inawaka. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na soko zima la Katako lilikuwa likitafuta kitu kimoja tu, ubaridi. Kande Mahaman alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na juu yake koti jeupe la ukunga ambalo hakupata hata nafasi ya kulivua. Jasho limemlowesha mgongo mzima. Friji ya zahanati imezima, sanduku la chanjo limebaki na vipande viwili vya barafu, na vyenyewe vinayeyuka. Akauona mfuko wa mwisho kwa muuza barafu, akaushika. Upande wa pili ukashikwa na kijana mrefu mwenye miwani, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni.

"Samahani dada, huu nimeshaulipia."

"Nitakurudishia hela yako. Mimi nina chanjo za watoto zinaharibika."

"Na mimi nina wageni kutoka Ulaya. Wako mkutanoni wanakunywa juisi ya moto."

"Kwani juisi ya moto inaua?"

Kijana akamtazama vizuri. Lafudhi ile haikumpotea. Uso ukaanza kumkunjuka.

"Wewe ni wa Doutchi! Mmawri! Nani kakufungulia mlango, mtumwa wangu? Nilikuacha unapepeta mtama, leo nakukuta mjini unanyang'anya watu barafu?"

Hapo Kande akajua barafu ni yake. Mmawri na Mzarma ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akitia mkono kwenye kitu chako, huna pa kushtaki. Ukinuna, aibu ni yako.

"Jamani njooni mwone!" akapaza sauti. "Mzarma! Mtumwa wa babu yangu kajifunza kuvaa miwani! Hiyo inakusaidia kusoma au kutafuta nyama kwenye sahani ya mwenzio? Lete hapa barafu ya bwana wako!"

Watu wakaangua kicheko. Muuza barafu alicheka mpaka akakaa chini. Kijana angefanyaje? Aliuachia mfuko, kisha akaubeba yeye mwenyewe mpaka kwenye pikipiki yake na kumfikisha Kande mlangoni pa zahanati, huku anatukanwa njia nzima.

"Jina lako nani, bibi mnyang'anyi?"

"Kande. Na wewe?"

"Seyni Kimba. Sasa niambie, wale wageni nikawaambie nini?"

"Wamekuja kwa ajili ya nini?"

"Joto. Hali ya hewa."

"Basi waambie waionje," Kande akasema, akaingia ndani na barafu yake.

Mapenzi ya watani yana utamu wake, asikudanganye mtu. Simu ilikuwa inalia mara nne kwa siku.

"Haloo, mtumwa wangu, umekula?"

"Nimekula dambu, bwana mkubwa. Nimekubakizia sufuria, njoo uoshe."

"Kipenzi changu, mdomo huo utaolewa na nani?"

"Na Mzarma yeyote mwenye njaa. Si mko wengi?"

Walicheka hivyo kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita. Na mimi nasema wazi, kicheko hicho ndicho kilichowaponza.

Jumapili moja alasiri walikaa kwa mchoma nyama wa ng'ambo ya daraja. Kande alikuwa na gauni la zambarau lililobana kiunoni, kilemba cha rangi hiyohiyo, wanja umekolea. Seyni alimpiga picha na simu yake, tena na tena. Kande akamwuliza kazi yake hasa ni ipi.

"Mradi wetu zamani ulikuwa unapima mto," Seyni akasema. "Sasa wafadhili wameleta kampeni mpya. Familia Ndogo, Dunia Poa. Watu wakizaa kidogo, joto linapungua. Mimi natengeneza mabango."

"Watu wa wapi wakizaa kidogo?"

"Wa hapa."

Kande akaweka nyama chini. "Nina mama anakuja kwangu, Talatou, ana watoto saba. Nyumbani kwake hakuna hata taa ya umeme. Anaipasha dunia joto kwa kitu gani? Kwa kuni zake tatu?"

"Mpenzi, hayo ni ya wafadhili. Mimi napanga picha na maandishi tu."

"Mm." Kande akafuta vidole. "Seyni, na mimi nina langu. Nikiolewa, nitazaa wawili. Na mimba ya kwanza sio kabla ya miaka mitatu. Ujue kabisa."

Seyni alicheka mpaka kipande cha nyama kikamdondoka. "Wawili! Mmawri anaogopa kulisha Wazarma! Wewe utanizalia kumi na wawili, na wengine wa akiba."

"Hao kumi na wawili kazae na mbuzi wako."

"Mbuzi wangu ana adabu kuliko wewe, laazizi."

Kande naye akacheka. Alilisema tena wiki iliyofuata, na tena mwisho wa mwezi. Kila mara Seyni alijibu kwa tusi tamu, na Kande alijibu kwa tusi tamu zaidi. Aliamini ameshasikika. Alikuwa na amani kabisa moyoni.

Mwezi wa sita wakaja kuposa. Kande alikuwa anakaa Boukoki kwa shangazi yake, Rabi, na siku hiyo ua ulifagiwa mara mbili. Alivaa bazini ya bluu iliyotiwa wanga mpaka kila akipiga hatua inalia, hina imekolea mikononi. Upande wa Seyni walikuja mama yake, Hajia Bibata, mwanamke mnene mwenye meno mawili ya dhahabu, na Mzee Djibo, mdogo wa marehemu baba yake, ambaye ndiye angesimamia ndoa msikitini. Walileta kokwa za kola za posa, tende na maneno mengi.

Hajia Bibata akampapasa Kande nyonga kama anapima unga. "Hizi ni nyonga za watoto kumi na mmoja."

"Kumi na wawili!" Mzee Djibo akadakia. "Timu ya mpira pamoja na refa!"

Kande alipiga magoti kwa heshima. "Baba, watoto watakuwa wawili. Nasema kweli."

Ua mzima ukalipuka. Mzee Djibo alijipiga mapaja. "Mnamsikia mtumwa wetu? Hajaingia nyumbani, ameshaanza kutubania!"

"Baba, sitanii."

"Hatanii! Na mimi nilipoambiwa Wamawri wanakula mbwa, hawakunitania!"

"Mama, nisikilizeni. Wawili. Na nitakuwa natumia sindano yangu ya kupanga uzazi, na mume wangu atajua."

Hajia Bibata alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Sindano! Mtoto huyu atatuua kwa kicheko!"

Kande akamtazama shangazi yake. Shangazi Rabi anacheka. Akamtazama Seyni. Seyni kavua miwani, anajifuta macho, mabega yanaruka. Hapo ndipo alipoelewa. Mbele ya watu hawa angeweza kuliapia hilo neno mpaka jua lizame, na bado lingekuwa utani, kwa sababu tu yeye ni Mmawri na wao ni Wazarma. Hata Jumapili ile kwenye nyama hakusikika. Hakusikika hata mara moja. Akainuka akaondoka kwa hasira, bazini inalia, na nyuma yake akasikia wanampigia makofi.

Saa kumi simu ikalia.

"Kipenzi, leo umetuvunja mbavu! Mzee Djibo mpaka sasa anakohoa."

"Seyni. Sikuwa natania."

"Eti?"

"Sikutania leo. Sikutania kwenye nyama. Sikutania hata siku moja. Wawili, nikitaka mimi, wakati ninaotaka mimi."

Kande alisikia pikipiki zinapita huko aliko Seyni.

"Kweli, Kande?"

"Kweli."

"Loh." Kisha sauti yake ikachangamka ghafla, haraka mno. "Lakini mpenzi, mbona hilo ni jambo zuri sana! Zuri kabisa! Nipe muda, nitaongea."

"Na mama yako?"

"Nitaongea, laazizi wangu. Niachie mimi."

Na kweli aliongea. Ila hakuongea na mama yake. Aliongea ofisini.

Sasa nieleze kidogo kuhusu droo ya Kande. Zahanatini alikuwa na droo yenye ufunguo, na ndani yake zilikaa kadi za akina mama wanaochoma sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Kadi ikilala nyumbani mume ataiona, au mama mkwe, au wifi. Kwa hiyo wanawake walimwachia Kande. Walikuja na kikapu cha sokoni, wakachoma, wakaenda zao kununua bamia. Ilimchukua miaka mitano kuwafanya wamwamini hivyo.

Katikati ya mwezi wa saba Talatou akaja na mumewe. Hiyo peke yake ilikuwa ajabu. Mume, Issaka, muuza majani ya mifugo, alikuwa na makapi ya majani kwenye ndevu na macho mekundu.

"Dada mkunga, nipe kadi yangu," Talatou akasema bila kuinua uso.

"Kuna nini, mama?"

"Wewe ndiye uliye kwenye bango?" Issaka akauliza.

"Bango gani?"

"Njoo uone bango gani!"

Akamtoa nje, wakatembea mpaka kwenye mzunguko wa barabara, Talatou nyuma yao. Na hapo Kande akajiona. Bango refu kama nyumba. Gauni la zambarau, kilemba, kicheko chote nje, kile cha Jumapili ya nyama. Pembeni yake wamebandikwa watoto wawili asiowajua, wasafi, wanatabasamu. Na maandishi: MIMI KANDE, MKUNGA, NIMECHAGUA WATOTO WAWILI ILI DUNIA IPOE.

"Mwaka juzi mto uliingia nyumbani kwangu," Issaka akasema. "Mbuzi wanne wamekwenda na maji. Ukuta umelala. Mimi sina gari. Sina kiyoyozi. Sijapanda ndege hata kwenye ndoto. Leo mnaniambia kosa ni tumbo la mke wangu? Mnamdunga ili Mzungu apate ubaridi?"

Kande alijua kwamba kuhusu mto na ubaridi Issaka alikuwa amesema kweli tupu.

"Baba Issaka, mkeo alikuja mwenyewe kwa miguu yake, kabla ya bango hili. Alikuja kwa sababu mimba ya saba ilimtoa damu nusura afe. Jambo hilo halina uhusiano na dunia. Ni la kwake."

"La kwake? Na mimi nilijulishwa lini?"

Talatou akaanza kulia. Wakarudi, wakachukua kadi, Issaka akaichana vipande mbele ya benchi zima la wanawake. Wiki ile wanawake kumi na moja walikuja kuchukua kadi zao. Hakuna aliyemtazama usoni.

Kande hakusubiri simu. Siku alipokuja yule wa kumi na moja alipanda teksi na koti lake la kazi, akaingia ofisi za mradi, akapita mapokezi bila salamu, akasukuma mlango wa ukumbi. Ndani kulikuwa na baridi ya kutetemesha. Watu ishirini mezani, chupa za maji, vikombe, na Seyni amesimama mbele anaonyesha picha ukutani. Picha yenyewe ni yeye, Kande.

"Aa, Kande wetu!" alisema Bi Marit, mkuu wa mradi, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi na tabasamu la upole. "Karibu sana! Tunakuzungumzia wewe."

"Nimeona. Nani kawapa ruhusa?"

Tabasamu likapungua. "Seyni alituambia umekubali."

"Mpenzi," Seyni akasema kwa sauti ya chini, "nilidhani utafurahi. Si ndicho unachokiamini?"

"Ninachokiamini!" Kande akamsogelea. "Unajua mimi naamini nini? Umewahi kuniuliza hata siku moja kwa nini nasema wawili?"

Seyni akaizima picha ya ukutani.

"Hujaniuliza. Mara ya kwanza ulicheka, ya pili ukacheka, ya kumi ukacheka. Siku uliyoacha kucheka ukakimbia kunibandika barabarani. Kwenu nyumbani mimi ni kichekesho, hapa mimi ni bango. Tumbo ni moja, Seyni. Liko hapa, na mimi ndiye ninayelala nalo!"

"Bi Kande," Bi Marit akaingilia, "takwimu zinaonyesha kwamba..."

"Una watoto wangapi, Bi Marit?"

"Mimi? Watatu."

"Mungu awakuze. Kuna mtu alikuuliza watatu wako wataongeza joto kiasi gani?"

Mtu mmoja akakohoa, mwingine akasogeza kikombe chake.

"Wanawake wangu wanataka kupumua kati ya mimba na mimba. Basi. Hawajaja kwangu kuokoa mawingu. Leo waume zao wanaamini nawachoma sindano kwa niaba yenu, na wamekuja kuchukua kadi. Mmenibomolea miaka mitano kwa karatasi moja! Litoeni bango langu. Na wewe," akamgeukia Seyni, "kola zenu shangazi atazirudisha kesho."

"Kande, subiri. Mtumwa wangu, tuongee..."

"Usiniite hivyo! Utani umekwisha. Kuanzia leo mimi na wewe hatujuani."

Akatoka. Nje joto lilimpokea, akalia teksini njia nzima, na dereva mtu mzima akawa anamwambia pole mwanangu, pole, bila kujua anampa pole ya nini.

Mvua zikaja, mto ukajaa, mbu wakafuata. Seyni alipiga simu kila siku, Kande akawa anaiacha inalia kwenye meza ya sindano. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa utani, akaufuta. Wa pili ulikuwa wa kubembeleza, akaufuta. Wa tatu ulisema hivi tu: "Bango nimelishusha mwenyewe. Kazi nimeacha. Sikuandikii ili unisamehe, nakuandikia ili ujue." Huo hakuufuta. Hakuujibu pia.

Shangazi Rabi alimshika siku moja anakatakata vitunguu kwa fujo. "Mwanangu, unampenda?"

"Nampenda."

"Sasa?"

"Sasa namchukia pia. Siku ile na wewe ulicheka, Shangazi."

Shangazi Rabi akachukua kisu, akaendelea kukata yeye.

Mwezi wa tisa Talatou alirudi, peke yake. Alikaa kwenye benchi mpaka wenzake wakaisha. Kande hakuhitaji kipimo, lakini alimpima. Mimba ya nane, miezi miwili.

"Pole, mama," akasema, na meno aliyauma kwa hasira mpaka taya zikamuuma.

"Issaka hajui bado," Talatou akasema. "Dada mkunga, kuna kijana wa miwani alikuja kwenye majani. Siku ya kwanza Issaka alimfukuza na fimbo. Siku ya pili akaja tena. Siku ya tatu Issaka akachoka, akamwambia kama huondoki basi beba. Kabeba majani siku nzima na shati lake jeupe. Anasema bango ni kosa lake, anasema mkunga hakujua lolote, ulikuwa unatuhifadhi sisi tu. Issaka kaniambia nikitaka kuja nije, nisimfiche tena."

"Kaniambia nije." Kande alirudia maneno hayo kimoyomoyo. Miezi miwili mapema yangefaa kitu.

Kesho yake, saa sita mchana, simu ikalia. Namba ngeni.

"Kande? Hajia Bibata hapa. Na usianze matusi yako, sijapiga kutania."

"Shikamoo, Hajia."

"Umemfanya nini mwanangu? Jana kasimama mbele ya Djibo na wazee wote, tumekaa tunakula. Kasema kama ukimrudia, hesabu ya watoto ni yako. Awe mmoja, wawe wawili, asiwepo, mtu asije kuhesabu chumbani kwake. Djibo akaanza kucheka. Akaona mtoto hacheki! Mzarma anamwambia Mzarma mwenzie, pale hakuna utani. Djibo kanawa mikono, kaacha chakula. Kasema ndoa hiyo hatakwenda kuifunga yeye."

"Na wewe Hajia unasemaje?"

"Mimi?" Sauti ya Hajia ikapanda, ikapasuka. "Mimi nimezaa tisa! Tisa! Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka! Sasa wewe ni nani mpaka uulizwe?"

Akakata simu.

Alhamisi Seyni akaja. Hakuwa na kitambulisho shingoni, shati limefifia, viganja vimechubuka. Alikaa kwenye benchi la akina mama wajawazito, katikati yao, magoti yamebanana.

"Shemeji una miezi mingapi?" mama mmoja akamwuliza, na benchi lote likacheka. Seyni hakujibu utani. Alisubiri zamu yake mpaka ikafika.

Kande akafunga mlango, akabaki amesimama. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Kwa nini wawili?"

Kande akavuta pumzi. Swali hilo alilisubiri kwa miezi mitano, na sasa limekuja akaona hata hasira zake hazina pa kukaa.

"Usitegemee nikuambie kuna mtu alikufa. Hakuna aliyekufa. Mama yangu alizaa kumi na mmoja, na sikumbuki hata siku moja amekula chakula cha moto. Kila akikaa, mmoja analia. Anainuka. Akirudi ugali umeganda. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwuliza, mama, wewe unapenda nini? Alifikiri, Seyni. Alifikiri sana, akaniambia hajui. Mimi nataka nijue ninachopenda. Ndiyo sababu. Si mvua wala jua, si Bi Marit, si ukoo wenu."

"Nimesikia."

"Na huenda wakawa watatu. Nikibadilisha, nimebadilisha mimi. Je, nikisema hata mmoja?"

Seyni akaangalia viganja vyake vilivyochubuka.

"Nitaumia," akasema mwishowe. "Napenda watoto, sitakudanganya. Nitaumia, na nitakaa na wewe."

Jibu hilo lilimgusa kuliko kama angejibu haraka. Lakini bado moyo ulikuwa unamchemka, akalitoa lililobaki.

"Hajia kanipigia. Maneno yaleyale, Seyni! Nilipiga magoti nikayasema mara tatu, wakapiga makofi. Umeyasema wewe mara moja, watu wameacha kula. Kwa hiyo hata tumbo langu mpaka litolewe ushahidi na mwanamume? Na Talatou? Talatou ana mimba ya nane, ile inayoweza kumuua, kwa sababu mumewe aliona bango lako. Utamwambia nini?"

"Sina la kumwambia. Kama atahitaji kupelekwa hospitali, nina pikipiki. Kama damu, nina damu."

"Haitoshi."

"Najua haitoshi."

Mlango ukagongwa. "Dada mkunga, huyu mama uchungu umemshika!"

Kande akavaa glavu akatoka. Ulikuwa uzazi wa kwanza wa msichana wa miaka ishirini, na ulichukua saa tatu. Mtoto wa kike, analia kwa nguvu zote. Kande alimfuta, akampa mama yake, akauliza hali yake, akamsikiliza mpaka mwisho. Aliporudi, mikono bado mibichi, Seyni alikuwa amesimama palepale alipomwacha.

"Hujakaa?"

"Hukuniambia nikae."

Kidogo acheke. Akajizuia. "Mzee Djibo hatakwenda msikitini."

"Nitakwenda mimi. Nikikosa wa kunisindikiza nitakwenda peke yangu. Kande Mahaman, nakuomba unioe... nikuoe... vyovyote utakavyosema wewe. Unakubali?"

Kande alikausha mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Nakubali," akasema. "Lakini bado nina hasira, Seyni. Nina hasira na wewe, na baba yako mdogo, na mama yako, na wazungu wako, na Issaka. Sijui zitaisha lini. Utanioa nazo."

"Nitakuoa nazo."

"Zote?"

"Zote."

"Haya. Leo usinishike," Kande akasema, akamfungulia mlango. "Njoo kesho."